Mkia wa Gari la Bwana Seif

Khitma ya Bwana Seif ilisomwa jana msikitini baada ya alasiri, na ilipokwisha nikakokota miguu mpaka nyumbani kwake Mkunazini kutoa pole. Miguu yangu siku hizi hainisikilizi. Nilipanda zile ngazi za mawe nikishika kamba iliyofungwa ukutani kwa ajili ya wazee, nikakumbuka kwamba zamani nilikuwa nikizipanda mbilimbili huku nimebeba kapu. Ukumbi ni uleule, boriti za mikoko zilezile juu, ila kwenye daka la ukutani, palipokuwa pakipangwa sahani za Kichina, sasa pamewekwa redio. Bi Rukia, binti mkubwa wa marehemu, naye kishakuwa mtu mzima, akanikalisha kwenye kiti chenye mto, akaniletea kahawa na halua, kisha akawageukia watoto wake waliokaa mkekani. "Huyu ndiye Mzee Feruzi," akawaambia. "Alikuwa dereva wa babu yenu, enzi hizo motokari za mjini zinahesabika. Dereva hodari, babu yenu akimsifu sana, ila alisahau kukaza bolti, nusura amuue." Vijana wakacheka kwa adabu. Nami nikacheka. Nimelicheka jambo hilo maisha yangu yote, na nimechoka kulicheka, lakini meno yameshazoea.

Nataka niuseme mwaka ule kama ulivyokuwa. Wazazi wangu ni nani na walifikaje Unguja kutoka bara, hayo tuyaache, hayaongezi kitu. Ulikuwa ni mwaka wa mwisho kabla ya vita vya Mjerumani. Nilikuwa kijana, nina mkono mwepesi wa usukani, na nilikuwa nimeposa kwa Mzee Khamis seremala, bintiye Mwanaidi, na posa yangu imekubaliwa. Bwana Seif alikuwa na mashamba ya karafuu upande wa Mkokotoni, na badala ya kupanda farasi kama baba yake, alinunua motokari ya mbio kutoka kwa Mfaransa mmoja aliyekuwa akihama. Lilikuwa gari jembamba, refu mbele, lina viti viwili tu, na nyuma hakuna kitu ila tangi la mafuta na tairi la akiba. Halikutakiwa libebe mtu wala mzigo. Lilitakiwa liende. Bwana Seif alipenda tulishindanishe na gari la moshi la Bububu, na tulipolipita alikuwa akinyanyua kofia yake kuwaaga abiria, mtu mzima na ndevu zake. Nilimpenda kwa hilo. Sijui kama matajiri wanajua kwamba watumishi wao wanawapenda kwa vitu vidogo kama hivyo.

Ilipokwisha Ramadhani nikapatwa na homa. Nililala siku nyingi, sijui usiku wala mchana, na gari likaangaliwa na dereva wa muda, Mngazija, ambaye nilipoinuka kitandani alikuwa keshapanda meli kwenda zake Mombasa. Siku ya kwanza nilipolishika tena gari tulikuwa tunakwenda shamba, Bwana Seif yuko ubavuni kwangu. Tulipofika Mtoni, pale barabara inapopinda kushoto karibu na lile kasri kuukuu, nikapunguza mwendo kama nilivyofanya kila siku. Mara mkia wa gari ukatoka. Sina maneno mengine ya kusemea. Mbele kunakwenda kushoto kama nilivyoamrisha, nyuma kunataka kwenda peke yake kulia, na wewe uko katikati unahisi kiti kinakuhama chini ya matako. Nilipindua usukani, gari likajipinda mara mbili, likasimama limetazama tulikotoka. Bwana Seif alishuka akajipangusa vumbi. "Homa haijakutoka, Feruzi," akasema. Hakukasirika siku ile. Alikasirika mara ya pili, na mara ya tatu alijigonga paji la uso akatoka damu.

Na jambo lenyewe lilikuwa na ukorofi wake. Gari halikufanya hivyo kila mahali. Kwenye barabara iliyonyooka lilikuwa limetulia. Tukirudi mjini, kona ileile ya Mtoni ililipokea vizuri, kana kwamba si lile la asubuhi. Tena nikipita pale kwa kishindo, nimekanyaga mafuta, liliondoka salama. Nikienda kwa heshima na kupunguza, ndipo linaponitupa. Yaani kila nilivyozidisha uangalifu ndivyo nilivyozidi kuonekana mzembe. Watu wa baraza za kahawa walipata la kusema. Wengine walisema ni jini la kasri la Mtoni, halipendi mashine. Wengi zaidi walisema ni mimi, homa imenila mishipa ya mikono, na kwamba nimeficha kwa kuogopa kazi isiniponyoke. Wahenga wamesema lisemwalo lipo, na kama halipo laja, na mimi nililisikia likija. Mzee Khamis aliniita karakanani kwake akaniambia, huku anapiga randa, hakuinua macho, "Mwanangu, sina ubaya nawe. Lakini mie sintomwoza binti yangu mtu wa kuzikwa kesho. Likikutulia gari lako, njoo tuweke siku ya harusi. Lisipokutulia, tusilaumiane." Nilimwitikia, "Naam, baba," nikatoka. Njiani nikanyoosha mikono mbele ya macho yangu nikaitazama kama inatetemeka. Haikutetemeka, lakini sikuiamini tena, na hilo ndilo lililonichosha kuliko yote, kutoiamini mikono yangu mwenyewe.

Chakula changu nilikuwa nakipata pale pale Mkunazini, kwenye kiukumbi cha chini kilichopakana na jiko. Mama yake Bwana Seif, Bi Zuwena, alikuwa na mpishi, na yeye mwenyewe hakugusa sufuria, aliamrisha kwa kidole tu kutoka kwenye kiti chake cha ukindu. Lakini hakuna aliyekula katika nyumba ile yeye asijue amekula nini. Nilipokuwa natoka kwenye homa alinitengenezesha uji wa mtama wenye pilipili manga, kisha boko-boko, kisha mkate wa mofa na mchuzi wa pweza, kwa mpango, kama anavyolishwa mzazi aliyetoka kujifungua. "Shikamoo, Bi," nikisema. "Marahaba, mwanangu. Ushakula?" "Nshakula, Bi." "Hujashiba. Muongezeni." Alikuwa amezaa wana wawili wa kiume. Mkubwa aliangushwa na farasi kwenye barabara hiyohiyo ya Mtoni, akafa kabla hajafikishwa nyumbani. Akabaki Seif. Ukimwona Bi Zuwena anavyotega sikio kila gari lilipokuwa likitoka, ungedhani ni mtu anayesikiliza mapigo ya moyo wa mwingine. Siku moja nikiwa nakula nilimsikia upande wa pili wa pazia akizungumza na jirani yake aliyekuja kumtazama. "Watasema hili na lile," alisema Bi Zuwena. "Mie mwanangu nshamkinga. Sharifu kaniandikia kwa mkono wake, na kinga yenyewe imo ndani ya gari, si mwilini mwake, maana yeye mbishi angeivua." Jirani akamwitikia, "Umefanya la maana." Nami nikaendelea na pweza wangu. Gari gani la mtu mwenye mama halina hirizi? Hata mashua zinafungwa, hata mlango wa duka. Sikulifikiria tena.

Bwana Seif alinipa mpaka Maulidi. Likitulia, mimi dereva wake. Lisipotulia, angelishika mwenyewe, maana alishajifunza kuliendesha na alikuwa na hamu. Basi nikawa na Fundi Jivan, Mhindi wa Malindi aliyekuwa akitengeneza mashine za kukamulia mafuta ya nazi, na ambaye ndiye pekee mjini aliyekaribia kuitwa fundi wa motokari. Kila alasiri tulilala chini ya gari kwenye bohari moja la Malindi, kwenye joto, vumbi la karafuu linatuingia puani. Kwanza tulizishuku tairi. Tulizipunguza upepo, mkia ukatoka. Tukazijaza mpaka zikawa ngumu, ukatoka zaidi. Tukabadilisha la kulia kushoto na la kushoto kulia, haikusaidia. Fundi Jivan akasema gari ni jepesi nyuma, tutie uzito, tukafunga magunia mawili ya mchanga juu ya tangi. Likawa linatoka polepole, lakini likitoka halirudi. Kisha tukazishuku breki, ambazo zilikuwa nyuma tu. Alisema ya upande mmoja inashika mapema kuliko mwenzake. Akazifungua, akaziosha kwa petroli, akazipima, akazirudisha. "Sasa limepona," akasema, na kesho yake asubuhi nikalitoa nikiwa peke yangu, na Mtoni ikanigeuza tena mbele ya wachuuzi wa nazi. Mmoja wao akanisaidia kulisukuma, akaniambia, "Yakhe, si uache tu?" Nilitaka kulia. Sikulia kwa sababu alikuwa ananitazama.

Bolti tulizikaza pia. Nalisema hili kwa sababu ndilo nililokuja kulaumiwa. Ekseli, kile chuma kinachobeba magurudumu mawili ya nyuma, imefungwa kwenye springi za kulia na kushoto kwa bolti nne kila upande, na tulizikaza zote kila wiki kwa spana ndefu, sisi wawili tukivuta kwa pamoja. Zilikaza. Zilikaza vizuri mpaka mikono inauma, na baada ya safari moja nikizigusa za kulia zilikuwa zimelegea. Fundi Jivan alisema ni chuma kibovu, akachonga nati mpya. Zikalegea na hizo pia.

Kilichonifungua macho kilikuwa ni uchovu, wala si akili. Siku moja Bwana Seif alikuwa na wageni kwenye shamba la rafiki yake, Tunguu, akanituma niwapelekee barafu, na mimi nikafurahi kwa sababu njia ile haipiti Mtoni na jini, kama lipo, halina shamba Tunguu. Niliendesha nimelegea, nimechoka kujichunga. Kwenye kona moja tu ya kushoto, katikati ya minazi, nikapunguza mwendo, na mkia ukatoka kama Mtoni. Barafu ikamwagika barabarani. Nilikaa ukingoni nikaitazama inayeyuka, na hapo ndipo nilipopata utulivu wa ajabu. Si mahali, nikajiambia. Ni kushoto. Mtoni ukienda ni kushoto, ukirudi ni kulia, basi. Na kama ingekuwa ni mikono yangu, mbona mikono inaumwa kushoto tu? Ukipinda kushoto gari linaegemea gurudumu la kulia. Basi ugonjwa uko kulia, nyuma, na unatoka pale ninapopunguza, pale gurudumu linapovutwa nyuma badala ya kusukumwa mbele.

Kesho yake nilikwenda kwa waliokuwa wakipaka nyumba ya jirani, nikaomba chokaa kwenye kifuu. Nikaingia chini ya gari, nikafuta matope na girisi, nikapiga mstari mweupe ulioanzia kwenye springi ukashukia kwenye ekseli, kulia na kushoto. Halafu nikaenda Mtoni. Liliporusha mkia nililiachia, maana nilikuwa nalijua kama mtu anavyomjua jirani mgomvi. Nikalala chini palepale barabarani. Mstari wa kushoto ulikuwa mzima. Wa kulia ulikuwa umekatika vipande viwili, cha juu mahali pake, cha chini kimerudi nyuma kiasi cha upana wa kidole. Ekseli ilikuwa inatembea. Upande mmoja tu wa ekseli ukirudi nyuma, magurudumu ya nyuma yanatazama kwingine, na gari linafuata yanakotazama. Hakuna mkono wa dereva unaoweza kulizuia hilo. Nilicheka pale chini, peke yangu, na mchuuzi wa nazi akadhani sasa ndiyo nimerukwa na akili.

Alasiri ile Fundi Jivan alikwenda kuzika, kwa hiyo nilizifungua bolti za kulia peke yangu. Springi ina kichwa cha chuma katikati kinachotakiwa kuzama ndani ya tundu la ekseli, ndicho kinachoizuia isiteleze. Hakikuwa kimezama. Kati ya springi na ekseli palikuwa na kitu cheusi, kimebanwa kikawa chembamba kama kipande cha mkate wa chila, kimelowa mafuta. Nilikitoa kwa ncha ya kisu. Kilikuwa ni ngozi, imeshonwa pembe nne kwa uzi mwekundu, na ndani yake karatasi zilizokunjwa. Ndipo nikamsikia tena Bi Zuwena nyuma ya pazia. Yule Mngazija, nilipokuwa nimelala na homa, bila shaka aliambiwa aiweke mahali ambapo mwenye gari hatoiona na haitodondoka, naye akachagua mahali pasipoonekana kabisa. Kila tukikaza, bolti zinakaza juu ya ngozi. Kila safari ngozi inanywa mafuta, inalainika, inaminyika, na bolti zinalegea. Nilikaa na kitu kile kiganjani, na furaha yangu yote ikaniishia. Nilikuwa nimepata dawa ya jina langu, na dawa yenyewe ilikuwa ni kumwambia mtu kwamba mama yake alikuwa anamuua kwa mapenzi.

Nilimpelekea Bi Zuwena hirizi yake kabla ya kumwambia mtu yeyote. Nilikuwa nimeifunga katika kitambaa safi, kwa ajili ya maandishi yaliyomo. Alikuwa katika kiti chake, jiko likinukia hiliki. Aliifungua, akaijua, akaniuliza, "Ilikuwa wapi?" Nikamweleza kwa vidole vyangu, hii springi, hii ekseli. Alifahamu upesi kuliko Fundi Jivan. "Basi ni mie," akasema. "Kaka yake nilimwacha aende bila ya kinga, na huyu nimemkinga mpaka nusura..." Hakumaliza. Nikamwambia, "Bi, ni ngozi tu. Ngozi ikinywa mafuta inalainika. Maneno ya Mungu hayana kosa, ila pahala pake si pale." Alilia bila ya sauti, mtandio mdomoni. Sikuwahi kumwona mtu mkubwa kama yule akilia, na sikujua niweke wapi macho. Mwisho akasema, "Feruzi, Seif akijua hatonisamehe. Atasema mmoja nilimwacha afe na wa pili nusura nimuue, kwa ujinga." Hakuniomba kitu. Ingekuwa rahisi zaidi kama angeniomba, kwa sababu mtu akikuomba unaweza kukataa.

Bwana Seif alikuwa juu, anakunywa kahawa. Nilimwambia nimeupata ugonjwa wa gari, bolti za kulia zilikuwa hazishiki, springi haikukaa mahali pake, sasa imekaa, na gari limepona. Akatoka nami palepale mpaka Mtoni, akashika usukani mwenyewe, akapunguza kwenye kona, na gari likapita limenyooka kama uzi. Akapita tena na tena, anacheka. Halafu akasimamisha, akaacha kucheka. "Kazi ya kuzikaza ni ya nani?" akaniuliza. Nikasema, "Yangu." "Kwa nini hazikukazwa?" Nikasema nilisahau tangu homa. Akapapasa paji la uso lenye kovu. "Mie nilidhani u mgonjwa, nikakuvumilia," akasema. "Kumbe mzembe. Mgonjwa ningekuweka." Alisema kweli, na kila jibu nililokuwa nalo lilikuwa na mama yake ndani.

Nilikwenda kwa Mzee Khamis na maneno yangu nimeyapanga: gari limetulia. Lakini habari zilikuwa zimeshatangulia, za baraza hazingoji kuvaa viatu. Aliacha randa safari hii. "Jini ningelikusamehe," akasema. "Homa ningelikusamehe. Mtu kusahau roho ya mwenziwe, hilo siliwezi." Mwanaidi aliolewa Mkokotoni, na sikumwona tena. Nilioa baadaye, mke mwema, Mungu amrehemu, sina la kumlaumu wala la kujutia kwake. Lakini ningekuwa mwongo nikisema haikuniuma. Iliniuma miaka. Nilifanya kazi ya kuchoma chokaa, kisha ya kupakia meli, na kila nilipoliona gari lile linapita na Bwana Seif amenyanyua kofia, niliwaza kwamba kule juu Mkunazini kuna mtu mmoja anayejua, na mtu huyo amepokea alichopewa, amefunga mlango, amekaa. Nilimchukia Bi Zuwena. Alipokufa nilikwenda kumzika kwa sababu ni wajibu, nikarudi moyo mkavu.

Basi jana, vijana walipokwisha kucheka na kuinuka, Bi Rukia akasogeza kiti chake karibu na changu. "Mzee Feruzi," akasema, "pana jambo nataka kukuuliza tangu mdogo. Bibi yangu Bi Zuwena, kila Ijumaa akiomba dua huwataja wanawe, aliyekufa na aliye hai, kisha hukutaja wewe. Feruzi, jina lako hasa, mpaka Ijumaa yake ya mwisho. Tukimuuliza, hasemi ila neno moja: 'Huyo alinisitiri.' Nnataka kujua, alimaanisha nini?"

Nilikiweka chini kikombe cha kahawa. Wote wamekwisha kufa, Bi Zuwena, Bwana Seif ambaye alifia kitandani kwake akiwa mzee, Mzee Khamis, na hapana ambaye ukweli ungemuumiza. Ulimi wangu ulikuwa umeinuka tayari. Halafu nikaona, kama miaka yote ile nilikuwa nikitajwa baada ya wanawe, siwezi kulitoa jambo lile leo kwa sababu tu nimechoka nalo.

"Siku moja wali wa hapa uliungua," nikamwambia. "Nikaula wote, sikusema."

Bi Rukia akanitazama kwa shaka. "Bibi yangu hakupika hata siku moja."

"Ndiyo maana uliungua," nikasema, nikaomba niletewe viatu vyangu.